Muhuri Ulikuwa Chumbani kwa Mfiwa

Mfikirie Sikuzani anavyokuja. Ni Ijumaa asubuhi, umande haujakauka, na bodaboda imemshusha mwanzo wa kijia kwa sababu penye msiba hapaingiwi na ngurumo. Ni mwanamke mrefu wa miaka hamsini na mbili, mguu wa kushoto unaburuta kidogo tangu mwaka ule alipoangukiwa na gunia. Amejitanda khanga, na ndani ya khanga, ubavuni, ameficha karatasi moja iliyokunjwa mara mbili pamoja na kidau cha wino wa kupigia dole gumba.

Mbele yake pana nyumba ya udongo yenye bati jipya. Wanawake wamekaa jamvini, sufuria za hitma zinatokota nyuma ya nyumba. Leo ni siku ya tatu. Ndani yumo Ummy, katibu wake, aliyemzika binti yake juzi Jumatano. Karatasi ile inataka jina la Ummy na dole gumba lake, na inatakiwa iwe Bagamoyo kabla ya saa tisa na nusu alasiri. Ikichelewa, Jumatatu lori la mahindi litashusha magunia mia mbili kwenye ghala la shule, na wasichana mia tatu na kitu wataendelea kula.

Tumwache hapo kwanza, mkono wake mmoja umeshika nguzo ya baraza. Nataka ujue alifikaje, maana ukimwona tu mlangoni utamhukumu, na hukumu ya mlangoni haina haki.

Sikuzani ni mtu wa Mkange, huko kaskazini ukielekea Saadani. Darasa la saba alimaliza, akaolewa na Mwinshehe, fundi baiskeli, mtu mwenye maneno machache na kikohozi kingi. Watoto hawakujaaliwa. Alichojaaliwa Sikuzani ni jino. Unacheka, lakini kijiji kizima kilimjua kwa jino lake. Mtu akivuna mahindi humpelekea punje chache kiganjani, naye huuma moja, husikiliza, kisha husema, "Hayajalia haya. Rudisha juani siku tatu." Punje kavu hulia, mbichi hunyamaza. Na kwa wale wasioliamini jino alikuwa na chupa. Unatwaa chupa iliyokauka sawasawa, unatia mahindi na chumvi kavu, unatikisa, unaiacha itulie. Chumvi ikidondoka yote chini, mahindi ni makavu. Ikinata ubavuni mwa chupa, mahindi yana maji, na mahindi yenye maji ukiyafungia kwenye gunia huota kuvu, na kuvu ile ina sumu isiyotoka hata ukipika mchana kutwa. Wataalamu huiita sumukuvu. Sikuzani alikuwa akiiita "yule wa ndani ya gunia."

Kwa jino hilo na chupa hiyo wanawake kumi na mmoja walianzisha kikundi wakakiita Tuanike. Walijenga vichanja vya miti ili mahindi yasilale chini, wakanunua maturubai ya kufunikia mvua ya ghafla, wakachambua punje moja moja, mbovu kwa kuku, nzima kwenye gunia. Wakajisajili serikalini. Siku hizi zabuni zimo ndani ya mfumo wa kompyuta, na sehemu yake sheria imewatengea wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ummy ndiye aliyekuwa na simu ya maana, basi akaunti ya kikundi ikawa kwenye simu ya Ummy. Sikuzani, mwenyekiti, akakaa na muhuri. Aliufunga ndani ya kitambaa cheupe, akautia kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda chake.

Mwaka jana walipeleka mahindi kwenye shule moja ya bweni ya wasichana, magunia hamsini kwa majaribio, na mpishi mkuu akawapigia simu kuwashukuru. Mwaka huu zabuni ikawa kubwa, mihula miwili, magunia mia nne, mia mbili kila muhula. Taasisi iliyotangaza nitaiacha bila jina. Tuanike wakaomba. Vuli ilikuwa njema, vichanja vilijaa, na kila jioni waliulizana, "Bado?" Ummy anatazama simu, anajibu, "Bado."

Mwinshehe akafa katikati ya Machi, Jumamosi, kikohozi kikiwa kimemla. Akazikwa Jumapili. Sikuzani akaingia eda.

Kwa asiyejua, eda ni miezi minne na siku kumi. Mjane hukaa ndani, hajipambi, hatembei ovyo. Si kifungo. Haja ikimlazimu mchana anaweza kutoka, na kazi ya mikono hakatazwi. Lakini huku kwetu tumeongeza yetu juu ya yale ya dini. Mkange mtu akifiwa, mashine ya kusaga huzimwa, mwenye kesi naye huiweka kando, na habari mbaya haipiti mlango wa mfiwa mpaka machozi yake yapungue. Tunaona huo ndio uungwana. Mimi pia nimelelewa hivyo.

Jumanne, siku ya tatu, saa nne asubuhi, wanawake wa Tuanike wapo uani wanapepeta mchele wa hitma, simu ya Ummy ikalia. Akasoma. Akasoma tena. Akaketi juu ya kinu.

"Wamempa mtu mwingine," alisema.

"Nani?"

"Mfanyabiashara mmoja wa Chalinze. Mwenye ghala kando ya barabara kuu."

"Yule mwanamume?" akauliza mmoja, ungo umesimama hewani. "Si zabuni ya vikundi vya wanawake?"

"Ndiyo. Na hapa wameandika, asiyeridhika alete malalamiko ndani ya siku tano za kazi. Barua iwe na sahihi ya mwenyekiti na muhuri."

Wote wakageuza macho kwenye mlango wa chumba cha Sikuzani. Mlango ulikuwa umefungwa. Muhuri ulikuwa chini ya kitanda alichokuwa amekiegemea.

"Ingia umwambie," mmoja akasema.

"Ingia wewe."

"Jana alikuwa hajui hata amevaa kiatu cha nani. Leo nimwambie mambo ya mahindi?"

"Basi tuombe muhuri tu, tusimwambie wa nini."

"Yule? Utamwomba Sikuzani muhuri asikuulize wa nini? Humjui."

Wakacheka kidogo, kicheko cha msibani kinachozibwa na upande wa khanga. Kisha mama mmoja mtu mzima, ambaye ndiye aliyewaongoza kuchambua miaka yote, akasema neno lililowatuliza wote. "Serikali nayo ina watu, na watu wana adabu. Wakiambiwa kulikuwa na msiba, watangoja."

Walikubaliana. Hapakuwa na mvivu pale wala msaliti. Kumi walimpenda mmoja, wakamfichia.

Alhamisi Ummy alikwenda kumwona, akakaa miguuni pake, akamkanda mguu mbovu, akarudi. Jumamosi alikwenda tena, akamchekesha kwa habari za jogoo aliyepanda juu ya kichanja akashindwa kushuka. Jumanne iliyofuata, siku ya mwisho, alisimama mlangoni na simu mkononi. Sikuzani alikuwa amelala, usingizi wake wa kwanza wa maana tangu mazishi. Ummy akamtazama mpaka simu ikazima kioo chake yenyewe. Akaondoka kwa ncha za vidole.

Sikuzani aliyajua yote siku ya kumi na tatu ya ujane wake, na aliyajua kwa harufu. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na dirishani kukaja harufu ya mahindi yaliyoguswa na maji.

"Ummy," akaita, "mbona vichanja vimejaa bado? Lori halijaja?"

Ummy akamwambia. Alisema yote kwa mkupuo, akiwa amepiga magoti, kama mtoto.

Sikuzani hakupaza sauti. Aliinama, akavuta sanduku, akafungua kitambaa cheupe, akauweka muhuri juu ya mkeka baina yao.

"Mliniona mfiwa," alisema, "mkasahau kuwa ni mwenyekiti."

"Nilikuona mtu, dada."

"Mtu ndiye anayeambiwa, Ummy. Asiyeambiwa ni maiti, na maiti ni Mwinshehe, si mimi. Lete karatasi."

Akaandika humo humo ndani ya eda, kwa mkono wake, hati ya darasa la saba iliyosimama wima kama miti ya uzio. Kwamba zabuni ilikuwa ya vikundi vya wanawake na mshindi si kikundi wala si mwanamke. Kwamba ghala lake linajulikana kwa paa lililotoboka. Ummy akaipeleka Bagamoyo kwenye ofisi husika. Afisa manunuzi alikuwa kijana nadhifu aitwaye Msabaha, ambaye, lazima nimtendee haki, alimpa kiti.

"Mama, poleni sana na msiba," Msabaha alisema akigeuza barua. "Lakini siku zimepita. Leo ni siku ya tisa ya kazi."

"Tulikuwa na kifo, mwanangu."

"Naelewa. Mimi mwenyewe nilimzika baba mwaka jana."

"Sasa?"

"Sasa mfumo hauzikwi wala hauziki, mama. Nikiipokea hii leo, kesho yule wa Chalinze atanishitaki mimi kwamba nimepokea nje ya muda. Na atashinda."

Wakapanda ngazi ya juu yake, ile mamlaka inayosikiliza rufaa za zabuni. Shauri lilisikilizwa kwa simu mwezi wa Mei. Simu waliiweka juu ya mkeka chumbani kwa mjane, ikiegemezwa kwenye chupa ya chumvi, na Sikuzani akakaa karibu nayo amejifunika. Sauti ya mzee mmoja mpole ikauliza swali moja tu.

"Katibu wa kikundi, ujumbe ule uliusoma lini?"

Hapo pana njia mbili, na Ummy aliziona zote mbili. Angeweza kusema simu haikuwa na chaji. Mkange umeme hukatika, nani angebisha? Siku zingehesabiwa tangu alipousoma.

"Jumanne, mheshimiwa," Ummy akajibu. "Saa nne asubuhi. Tulikuwa tunapepeta mchele wa hitma."

Sikuzani akafumba macho. Aliniambia hakufumba kwa hasira. Alifumba kwa sababu alijua mtu yule hawezi kusema vingine, na ndiyo maana walimpa simu.

Rufaa ikatupwa. Haikusomwa hata mstari wa paa lililotoboka, kwa kuwa shauri lililokuja nje ya muda halifunguliwi tumbo likatazamwa ndani. Nusu ya mahindi ya Tuanike walishayauza kwa bei ya kutupa kabla masika hayajayamaliza, nusu wakayala.

Sasa Habiba. Sikumtaja mapema kwa sababu hata mimi namsogelea taratibu. Habiba alikuwa binti wa pekee wa Ummy, baba yake alifariki yeye akiwa mchanga, miaka kumi na sita, kidato cha tatu, na shule aliyosoma ni hiyo hiyo ya bweni. Alikulia chini ya vichanja. Ndiye aliyekuwa akimwigiza Sikuzani anavyouma punje, anafumba jicho moja, anatega sikio, mpaka mwenyewe Sikuzani alikuwa akimwomba, "Hebu niigize nicheke." Likizo ya Juni alirudi amekonda, mfukoni mwa sketi amefunga punje za mahindi kwenye karatasi ya daftari.

"Ma'mkubwa," alimwambia Sikuzani, "yaume haya. Makande ya shule yana uchungu siku hizi. Wenzangu wananiambia najidai mtoto wa wakaguzi."

Sikuzani hakuyauma. Aliyanusa, akayatia kwenye chupa na chumvi, akatikisa, akaiacha dirishani. Baada ya muda wakaenda kutazama. Chumvi ilikuwa imenata chupa nzima, juu mpaka chini, kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Usiyale," Sikuzani alimwambia.

"Nitakula nini, ma'mkubwa?"

Swali la mtoto. Likizo ilikwisha, akafungiwa mhogo mkavu na karanga, na mhogo na karanga za mtoto wa bweni zinaliwa na bweni zima siku ya kwanza. Ummy alikwenda kwa mwalimu wa zamu, akaambiwa alete maandishi ya daktari. Daktari wa zahanati akasema hana kipimo cha nafaka, ana kipimo cha malaria.

Eda ya Sikuzani ikaisha mwishoni mwa Julai. Alioga, akavaa khanga yenye rangi, na wiki mbili baadaye akapata mwaliko ambao hakuutegemea. Ulitoka kwa watu waliokuwa wamesoma hukumu ya rufaa yake. Palikuwa na mkutano Bagamoyo, kwenye hoteli ya ufukweni, wa wakubwa wa manunuzi ya umma kutoka nchi jirani. Walitaka sheria zao za malalamiko zifanane, ili mzabuni wa nchi moja asipotee akivuka mpaka. Wakataka wamsikie mtu mmoja aliyewahi kulalamika na kushindwa. Sikuzani akaenda siku ya Jumatatu, peke yake. Ummy alikuwa hospitali tangu Ijumaa, akimuuguza mtoto. Habiba alikuwa na macho ya manjano na tumbo lililojaa.

Ukumbi ulikuwa wa baridi, na kila mgeni alikuwa na chupa yake ya maji. Sikuzani aliweka ya kwake pia mezani, ile ya chumvi na punje za Habiba. Kijana mhudumu akataka kuiondoa akidhani ni takataka, Sikuzani akamshika mkono, "Iache, baba, hiyo ndiyo hotuba yangu."

Alisikiliza kwanza. Mama mmoja wa Nairobi alisema kwao mlalamikaji ana siku kumi na nne.

"Nyingi mno," akasema bwana mmoja wa Kampala, mnene, mcheshi. "Kwa siku kumi na nne mtu wa kwetu analalamika, anapatana, anagombana tena. Kumi zinatosha."

"Na za kazi au za kalenda?"

"Ndiyo maana tumekuja kula samaki hapa, mama, tuamue."

Wakacheka. Wakabishana siku zihesabiwe tangu ujumbe ulipotumwa au uliposomwa. Wakabishana nani ana haki ya kulalamika, mzabuni peke yake au hata anayekula kile kilichonunuliwa. Sikuzani alisema walikuwa watu wazuri. Walikuwa wakipanga kwa bidii mlango uweje, upana gani, bawaba gani.

Zamu yake ilipofika akasimama, akaeleza kama nilivyokueleza, kwa ufupi kuliko mimi. Kisha akauliza, "Wageni wetu, naomba mnisaidie. Katika nchi zote zilizokaa hapa, kuna hata moja iliyoandika neno msiba kwenye hizo siku?"

Karatasi zikageuzwa. Mtu mmoja akavaa miwani. Bwana wa Kampala hakucheka tena.

"Hakuna," mama wa Nairobi akasema mwishoni. "Kwetu hakuna."

"Kwetu pia."

"Tutaliandika kama pendekezo," mwenyekiti wa kikao akasema, na kweli akaandika. Wakaenda chakula cha mchana.

Mezani mtu mmoja alimfuata na sahani yake, akaketi. Alijitambulisha kwa jina la Yahya, mkaguzi wa mizigo ya serikali, mzaliwa wa Bagamoyo hapo hapo. Alikuwa ameichukua ile chupa, anaizungusha mwangani.

"Haya ni ya shehena ya kwanza?"

"Ya kwanza."

"Dada yangu, mlango wa zabuni umefungwa, sikudanganyi. Lakini shehena ya pili inapokelewa Jumatatu ijayo, kutoka ghala lile lile. Kupokea mzigo ni jambo jingine, na hapo mimi nina kalamu. Nikipata lalamiko la mzazi wa mwanafunzi juu ya chakula, lenye jina na sahihi au dole gumba, nalisimamisha lori getini na kupeleka sampuli maabara."

"Langu mimi?"

"Wewe si mzazi, wewe ni mshindani. Watasema una wivu. Mwenye mtoto anayekula pale, hata awe wa kikundi chenu, hawamwezi. Mzazi. Na nilipate kabla ya Ijumaa saa tisa na nusu. Jumamosi sina ofisi, Jumatatu alfajiri lori liko njiani."

"Nitakuletea," Sikuzani akasema. Alikuwa akimfikiria Ummy, ambaye angesaini hata kwa meno.

Habiba akafa Jumanne jioni. Daktari aliandika ini. Hakuandika mahindi, na Sikuzani alipomwuliza alisema hawezi kuandika asichokipima. Wengine sita wa bweni lile walikuwa wamelazwa kwa homa na macho ya manjano; kuna watu waliosema ni maji, na waliosema ni majini wa shuleni, mambo ya wasichana. Jumatano wakamzika Mkange. Sikuzani ndiye aliyemwosha pamoja na wanawake wengine wawili. Hakunisimulia hapo, nami sikumwuliza.

Alhamisi alitafuta mzazi mwingine. Shule ile huchukua wasichana wa mbali, na Mkange nzima ilikuwa na mwanafunzi mmoja tu pale. Alipata namba ya baba mmoja wa Chalinze.

"Wangu mzima, namshukuru Mungu," yule baba alisema. "Na ana mtihani mwakani. Nikilalamika, nani atamsahihishia?"

"Jumatatu linakuja lori jingine, ndugu yangu."

"Nimekusikia, mama. Poleni na msiba."

Wa wagonjwa wale sita hakupata namba hata moja. Shule ilisema ni siri za wanafunzi. Usiku ule aliandika karatasi yenyewe kwa hati yake ya uzio, akaacha nafasi chini, ya jina na ya dole gumba, maana alijua mikono ya mfiwa huwa haishiki kalamu.

Basi turudi mlangoni. Ameshika nguzo. Wanawake wa jamvini wamemwona, wamemsogezea nafasi. Yule mama mtu mzima wa kuchambua, aliyesema serikali ina adabu, anainuka na kumjia taratibu, na macho yake yanashuka moja kwa moja mpaka ubavuni, pale khanga ilipotuna.

"Una nini hapo, Sikuzani?"

"Karatasi."

"Ya nini?"

"Ya mahindi. Mwisho leo saa tisa na nusu."

Mama yule anageuka kuutazama mlango wa Ummy. "Ndiyo kwanza amelala," anasema. "Siku tatu hajafumba jicho. Ndiyo kwanza amelala, mwanangu."

"Imeandikwa kwamba Habiba amekufa kwa kula chakula cha shule," Sikuzani anasema kwa sauti ya chini. "Hakuna aliyemtamkia bado neno mahindi. Daktari kamwambia ini, naye ameshikilia hilo. Nikiingia na karatasi hii, mimi ndiye nitakayemwambia. Na nitamwambia kwa wino."

"Kuna hakika?"

"Hakuna. Lori likisimama ndipo patakuwa na hakika."

Mlango wa chumba umerudishwa tu, haukufungwa. Kwa upenyo wake anamwona Ummy ubavuni, magoti yamekunjwa, mkono chini ya shavu, anavuta pumzi kama mtu aliyetoka kuogelea mbali. Miezi mitano iliyopita Ummy alisimama hivi hivi kwenye mlango wa Sikuzani, simu mkononi, akatazama usingizi kama huu, akaondoka kwa ncha za vidole. Na Sikuzani alimlaumu. Alimwambia mtu ndiye anayeambiwa. Maneno yale yapo bado, hayajafutika, na ni yake mwenyewe.

Bodaboda inangoja mwanzo wa kijia. Mpaka Bagamoyo, kwa barabara ile, ni mwendo wa kuondoka kabla ya adhuhuri au usiondoke. Nyuma ya nyumba mtu anafunua sufuria, harufu ya wali inapita barazani. Sikuzani amevua viatu. Mkono mmoja uko kwenye ubao wa mlango, mwingine ubavuni unashikilia karatasi.

Wewe uliyekaa nami mpaka hapa, unayemjua sasa Ummy na unayemjua Habiba na jicho lake moja lililofumbwa, ungekuwa umesimama pale, ungemwamsha?